Wiki ya tatu si ya dawa peke yake

Tarehe 28 Novemba 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kwamba dawa mbili za kifafa, levetirasetamu na klobazamu, zinaweza kuleta mzio mkali ambao madaktari wanauita DRESS. Kwa levetirasetamu zilihesabiwa kesi 32 duniani kote, na wagonjwa wawili walifariki. Kwa klobazamu zilikuwa kesi 10, hakuna aliyekufa. Ukilinganisha na wingi wa watu wanaomeza dawa hizi kila siku, hesabu hiyo ni ndogo mno, na tahadhari yenyewe iliwasihi wagonjwa wasikatishe dawa kabla ya kuzungumza na daktari. Lakini habari za namna hii zikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hukatwa kichwa na miguu, kinachobaki ni kwamba dawa ya kifafa inaua. Kwa upande mwingine wapo waliosoma mbele kidogo, wakakutana na maelezo kwamba katika DRESS kuna virusi vinavyoamka mwilini, wakatoka na hukumu yao: kumbe dawa imesingiziwa, mkosaji ni virusi.

Naona pande zote mbili zimepotea, na zimepotelea njia moja, kwa kuwa kila upande unatafuta mshitakiwa mmoja wa kumfunga. DRESS ni ugonjwa wenye kalenda. Siku zake za mwanzo ni za dawa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, virusi vya jamii ya hepesi vilivyolala mwilini tangu utotoni huingia uwanjani, na kuanzia hapo swali la "ni dawa gani?" halitoshi tena. Asiyeijua kalenda hiyo atakosea kwa njia mbili: atamrudishia mgonjwa dawa iliyomuunguza, au atamfutia dawa tatu nne zisizo na kosa. Kosa la kwanza linaua haraka. La pili linaua polepole, na ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuna anayelihesabu kuwa kosa.

Tatizo linaanza na neno lenyewe. Tukisema mzio, wengi wetu tunamwona mtu aliyekula kamba akavimba midomo, au aliyechomwa sindano ya penisilini akaanguka pale pale. Ni jambo la dakika, na likishapita limepita. DRESS haina haraka hiyo. Mtu anaanza kabamazepini, anaimeza wiki tatu bila shida yoyote, kisha homa inapanda, uso unavimba, upele mwekundu unasambaa kifuani na mgongoni, tezi za shingo zinatuna. Akipimwa damu, zile seli nyeupe ziitwazo eosinofili zimeongezeka kupita kiasi, na vimeng'enya vya ini viko juu. Kwa kawaida dalili hutokea kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu dawa ilipoanza, muda ambao mgonjwa na hata tabibu wanakuwa wameshaacha kuitilia shaka. Jina DRESS lilipendekezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1996. Dawa zinazotajwa sana ni za kifafa (fenitoini, fenobabitali, kabamazepini, lamotrijini), alopurinoli ya gauti, dapsoni ya ukoma, dawa zenye salfa, na baadhi ya antibiotiki kama minosaiklini na vankomaisini. Makadirio ya vifo yanatofautiana kati ya takriban asilimia 2 na 10, na mara nyingi kinachoua ni ini kushindwa kazi.

Jambo la ajabu zaidi linakuja baada ya dawa kusimamishwa. Mantiki ya kawaida inasema ukiondoa kuni moto unazimika. Hapa kuni zimeondolewa, moto unapungua, halafu siku kadhaa baadaye unawaka upya, na pengine unahamia kwenye kiungo kingine: jana ini, leo figo, kesho mapafu au moyo. Kwa miaka mingi tabia hii haikuwa na maelezo ya kuridhisha.

Maelezo yalitoka mahali ambapo msomaji yeyote wa Kiswahili anaweza kuyashika bila shahada, kwa sababu sote tumeona mkanda wa jeshi. Mtoto anaugua tetekuwanga, anapona, virusi havitoki. Vinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka thelathini, hamsini, hadi kinga itetereke, ndipo vinajitokeza kama malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa kiwiliwili. Virusi vya jamii hii ya hepesi vyote vina desturi hiyo ya kupanga chumba na kutohama. Kimojawapo ni HHV-6, kilichotambuliwa mwaka 1986 katika maabara ya Robert Gallo nchini Marekani. Miaka miwili baadaye, Koichi Yamanishi na wenzake huko Japani walionyesha kwamba ndicho kinachowaletea watoto wachanga homa kali ya siku tatu nne inayofuatwa na upele mwepesi. Karibu kila mtoto anakipata kabla ya kutimiza miaka miwili, na mama wengi huhesabu tu kuwa ni homa ya meno. Baada ya hapo kinalala ndani ya seli nyeupe za damu, zilezile ambazo baadaye zitachokozwa na dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa na wa Japani, kila upande kwa njia yake, walianza kukikuta HHV-6 kwenye damu ya wagonjwa wa mzio huu. Wajapani walilipa jambo hilo uzito kiasi kwamba vigezo vyao vya utambuzi, vilivyochapishwa miaka ya 2000, vinakihesabu kuamka kwa HHV-6 kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wazungu wa kundi la RegiSCAR, watafiti wa Ulaya wa mizio mikali ya dawa, walitunga vigezo vyao bila kukitaja. Matokeo yake mgonjwa mmoja anaweza kupewa jina moja Tokyo na jina lingine Paris. Hawa si watu waliokosa kusoma tafiti za wenzao; wanabishana juu ya swali la msingi: virusi ni sehemu ya ugonjwa, au ni moshi wake?

Wanaosema ni moshi wana hoja nzito, na sidhani ni haki kuzipita juu juu. Kwanza ni mpangilio wa siku: upele na homa vinatangulia, virusi vinaonekana kwenye damu wiki mbili au tatu baadaye. Kinachokuja nyuma hakiwezi kuwa chanzo cha kilichotangulia. Pili, baadhi ya wagonjwa wenye DRESS kamili hupimwa na virusi havionekani. Tatu, tunajua sasa kwamba seli T, yaani seli nyeupe za damu ambazo ni askari wa kinga, zikichokozwa vya kutosha zinaweza kukiamsha HHV-6 bila dawa yoyote ya kulaumiwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokikuta kikiamka ndani ya seli T zilizotengenezwa maabara kwa ajili ya kutibu saratani. Zilikuwa zimekuzwa na kuchochewa, na virusi vilivyolala ndani yake vikaamka. Ukiyaweka haya pamoja, picha ni rahisi: dawa inaichokoza kinga, kinga inachemka, na virusi ni povu linalopanda juu ya sufuria.

Ingekuwa hivyo tu, mjadala ungekwisha. Lakini mwaka 2010 timu ya Ufaransa ilichunguza wagonjwa 40 wa DRESS na kukuta EBV, HHV-6 au HHV-7 (vyote ni virusi vya jamii ya hepesi) vimeamka kwa asilimia 76 kati yao. Kilicho kizito zaidi ya asilimia hiyo ni walichokiona walipozihoji seli T za kushambulia, aina ya CD8, zilizojaa kwenye damu na kwenye viungo vilivyoumia. Sehemu kubwa ya seli hizo zilikuwa zikivilenga vipande vya EBV. Yaani jeshi lililokuwa likiunguza ini na ngozi lilikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, likiwinda virusi. Na walipoziweka seli B za wagonjwa hao, aina nyingine ya seli nyeupe za kinga, pamoja na dawa iliyowadhuru, uzalishaji wa EBV uliongezeka. Povu halina tabia ya kuchochea moto.

Kuna na suala la mlango. HHV-6 cha aina B, ambacho ndicho kimeenea, huingia kwenye seli T kupitia protini inayoitwa CD134. Hilo liligunduliwa mwaka 2013. Seli T zinapochokozwa huiotesha protini hiyo kwa wingi, na kwa wagonjwa wa DRESS imeonekana kuwa nyingi kuliko kawaida. Linganisha na sindromu ya Stevens-Johnson, ile ambayo ngozi inababuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Nayo huletwa na dawa nyingi kati ya hizi hizi, nayo ni kinga iliyochafuka, lakini msururu huu wa virusi kuamka kimoja baada ya kingine haujawa alama yake. Kama kila kinga inayochemka ingetoa povu lilelile, tungeliona na kule.

Hoja inayonivuta kuliko zote ni pengo la kijenetiki, na humo Afrika Mashariki imo. Watu wenye jeni HLA-B*57:01 wako hatarini wakitumia abakaviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya VVU. Kati ya Wamaasai waliopimwa Kenya jeni hilo lilikutwa kwa takriban asilimia 13.6, kati ya Waluhya wa nchi hiyohiyo, asilimia 3.3; kati ya Wayoruba wa Nigeria, halikuonekana kabisa. (Takwimu hizo peke yake zinatosha kumnyamazisha anayesema "Waafrika" kana kwamba damu yetu ni moja.) Lakini hata mwenye jeni hilo hana uhakika wa kudhurika: takriban nusu tu ya wanaolibeba hupata mzio wakiimeza abakaviri. Kwa alopurinoli na jeni HLA-B*58:01 wanaodhurika ni wachache zaidi, pengine watatu katika mia. Jeni lipo, dawa ipo, ugonjwa haupo. Kinakosekana nini? Kundi moja la watafiti linapendekeza kwamba wanaodhurika ni wale ambao tayari wana seli T za kumbukumbu, zilizofundishwa miaka mingi iliyopita kupambana na virusi vya hepesi, na zinazofananisha umbo la dawa ikishikana na protini za mwili na umbo la adui wa zamani. Ni nadharia bado, na sitaiuza kwa bei ya ukweli. Ila inaeleza kwa nini watu wawili wenye jeni moja na kidonge kimoja wanapata hatima tofauti, jambo ambalo nadharia ya povu haiwezi hata kuligusa.

Na wazo kwamba maambukizi hubadilisha jinsi mwili unavyoipokea dawa si geni kwetu. Katika miaka ya 1960 madaktari waligundua kwamba vijana wenye homa ya tezi inayoletwa na EBV wakipewa ampisilini wengi wao hutoka upele, ingawa wengi hao hao waliweza kuitumia baadaye bila tatizo. Tafiti za karibuni, zilizoangalia amoksisilini, zimeishusha hesabu hadi kama theluthi moja, lakini jambo lenyewe lipo. Karibu zaidi na nyumbani, utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu waliotumia thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa nguzo ya matibabu wakati huo. Mzio wa ngozi ulitokea kwa takriban asilimia 20 ya waliokuwa na VVU, na asilimia 1 tu ya wasiokuwa navyo. Dawa ileile, jiji lilelile, kliniki zilezile. Shirika la Afya Duniani likaja kuelekeza kwamba wenye VVU wasipewe dawa hiyo. VVU si virusi vinavyolala na kuamka kama hepesi, na sitaki kuvichanganya, ninachosema ni kwamba Nairobi ilishatuonyesha zaidi ya miaka thelathini iliyopita kwamba swali la "dawa au virusi?" limeulizwa vibaya.

Sasa turudi kwa wale wa "kumbe ni virusi", kwa kuwa hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo yenye hatari. Wanasema: kama virusi ndivyo vinavyounguza, basi mgonjwa akitulia arudishiwe dawa yake. Hapana. Virusi haviamki kwa wagonjwa hawa bila dawa kutangulia, na aliyepata DRESS akirudishiwa dawa ileile anaweza kuupata ugonjwa tena, haraka na vibaya kuliko mara ya kwanza. Aliyekufungulia mlango usiku hawi mwema kwa sababu mwizi aliyeingia ni mwingine. Wenzao wa upande wa pili wana usemi wao mwepesi: kila mtu ana HHV-6, kwa hiyo kukikuta hakuna maana. Huku ni kuchanganya kulala na kuamka. Kingamwili za HHV-6 kwenye damu ya mtu mzima kweli hazikuambii kitu. Lakini vinasaba vya virusi vinavyopanda kutoka kipimo cha wiki ya kwanza hadi cha wiki ya tatu, sambamba na homa iliyorudi na ini lililovimba upya, ni habari nyingine kabisa. Uangalifu unahitajika mahali pamoja: takriban mtu mmoja katika mia amezaliwa na HHV-6 kikiwa kimeshonwa ndani ya kromosomu zake, na huyo kipimo chake cha damu kitakuwa juu siku zote, awe mgonjwa au mzima. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Mstari wa vipimo ndio unaosema.

Tukiikubali kalenda hii, mambo kadhaa ya kliniki yanabadilika, na ndipo ninaporudi kwenye kosa lile la pili. Mpwa wangu aliwahi kupata hali hii kwa dawa ya kifafa. Dawa ilisimamishwa, akapata nafuu, na wiki ya tatu homa na upele vikarudi. Kati ya nafuu na kurudi huko alikuwa amepewa amoksisilini, parasetamoli na dawa mpya ya kifafa, na zote tatu zikaandikwa kwenye kadi yake chini ya neno "mzio". Hakuna aliyeuliza kama wimbi la pili lilikuwa la dawa mpya au la virusi vilivyokuwa vimefika siku yao. Sisemi kwamba dawa mpya haziwezi kuwa na kosa: kuna ushahidi wa maabara kwamba amoksisilini yenyewe huongeza kuzaliana kwa HHV-6, na hiyo ni sababu tosha ya kutomwagia antibiotiki mgonjwa wa DRESS kwa kubahatisha. Ila kuchochea wimbi lililokuwa njiani hakulingani na kuwa na mzio wa maisha, na kadi haina nafasi ya kuandika tofauti hiyo.

Ndiyo maana tahadhari ya FDA naisoma kwa jicho la ziada. Fenitoini, fenobabitali na kabamazepini zina maumbo yanayofanana, na aliyedhurika na mojawapo ana uwezekano mkubwa wa kudhurika na nyingine. Hizo tatu ndizo zinazojaza makabati ya dawa za kifafa katika vituo vingi vya afya vya vijijini kwetu, kwa hiyo kumhamisha mgonjwa kutoka moja hadi nyingine ni mtego. Valproati ni njia nyingine, lakini ini likiwa limeumia haifai, na kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa ina hatari zake kwa mimba. Mahali pa kukimbilia ni levetirasetamu, pale inapopatikana. Sasa fikiria mgonjwa aliyeunguzwa na kabamazepini, akahamishiwa levetirasetamu siku ya kumi, na wimbi la virusi likamfikia siku ya ishirini. Kesi zilizohesabiwa na FDA zilichambuliwa na sina sababu ya kuzipinga. Levetirasetamu inaweza kuleta DRESS. Hofu yangu ni kesi zijazo huku kwetu, ambazo zitahukumiwa na tahadhari iliyosomwa nusu nusu, na mtoto wa Ulanga au Kilifi atabaki bila dawa hata moja ya degedege zake. Kifafa kisichotibiwa nacho huua, kwa moto wa jikoni na kwa maji ya mtoni.

Kwenye tiba mambo hayajatulia. Steroidi huituliza kinga inayounguza viungo, na wagonjwa wengi wenye ini au figo zilizoguswa huzihitaji. Lakini kinga ikitulizwa mno, mlango unafunguka kwa CMV, kirusi kingine cha jamii ya hepesi, ambacho kwa kawaida hufuata nyuma ya HHV-6 na EBV, na ambacho kinaweza kutoboa vidonda vya tumbo na utumbo vinavyovuja damu hadi kifo. Steroidi zikikatwa ghafla, ugonjwa unafumka tena. Kwa hiyo zinapunguzwa taratibu, kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Dawa za kupambana na virusi, kama gansiklovia, hutumiwa CMV kinapoleta madhara. Hakuna jaribio kubwa la kitabibu lililothibitisha kwamba zinapaswa kutolewa kwa kila mgonjwa wa DRESS. Mwaka 2020 Nature Medicine ilieleza mgonjwa mmoja ambaye steroidi zilishindwa. Watafiti walizichunguza seli zake moja moja, wakakuta vinasaba vya HHV-6 vimejaa kwenye seli T za kumbukumbu, na ugonjwa ukadhibitiwa kwa tofasitinibu, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Katika maabara, dawa hiyo na dawa za virusi zote zilizipunguza kasi seli T zilizochokozwa na dawa yenye kosa. Mgonjwa mmoja si sheria, ila hata mpinzani wa nadharia ya virusi ana la kujibu hapo.

Katika hospitali ya wilaya isiyo na kipimo cha HHV-6, kalenda bado ina kazi. Picha kamili ya damu na vipimo vya ini vinaweza kurudiwa kila wiki hadi mwezi na zaidi, badala ya kumruhusu mgonjwa upele unapofifia na kumwambia amepona. Maumivu ya tumbo au choo cheusi katika wiki ya tano visihesabiwe kuwa vidonda vya tumbo vya kawaida. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni na sukari zipimwe tena miezi kadhaa baadaye, kwa kuwa baadhi ya waliopona hurudi na ugonjwa wa tezi hiyo au kisukari kilichozuka ghafla. Na kwenye kadi, pale palipoandikwa "mzio", pawe na safu mbili za tarehe: siku dawa ilipoanza na siku dalili zilipotokea. Kwenye kadi ya mpwa wangu dawa nne zimepangwa mstari mmoja, kwa wino mmoja, bila tarehe hata moja.